Piga Hodi Kabla ya Kupiga Picha



Jumamosi moja, miaka kadhaa iliyopita, nilitoka nyumbani na kamera shingoni. Nilikuwa nimeinunua ya mtumba, na kama ilivyo kwa kila mtu mwenye chombo kipya, nilikuwa natafuta kazi ya kukipa. Nikapanda basi namba 279 na kushuka Edmonton Green. Wanaoishi huku wanapajua: maghorofa matatu marefu yanayoonekana toka mbali, na chini yake maduka na soko lenye paa. Pale utapata ndizi za kupika, mihogo, bamia, samaki na vitambaa. Utasikia Kituruki, Kisomali, Kilingala na Kipolandi, na ukitega sikio vizuri, na Kiswahili pia.

Mbele ya meza ya ndizi alisimama mama mmoja amejifunga kitenge cha rangi ya machungwa. Mkono mmoja ameshika chane ya ndizi mbichi, mkono wa pili anahesabu sarafu kiganjani, midomo ikienda polepole. Mwanga wa taa za soko ulimwangukia vizuri. Nikainua kamera, nikabonyeza.

Alisikia mlio. Akageuka, akaniangalia kwanza mimi, kisha kamera, kisha mimi tena. "Papa, juu ya nini unanipiga foto? Uliniomba?"

Kiswahili cha Kongo, tena cha upande wa Bukavu kama nilivyokuja kujua baadaye. Nilipaswa kufurahi kukutana na ndugu wa lugha. Badala yake nikaanza kumweleza sheria. Nikamwambia kwamba Uingereza mtu anaruhusiwa kupiga picha mahali pa wazi, haihitaji ruhusa ya mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayesema uongo. Kisha akasema, "Sheria iache huko. Mimi nakuuliza weye."

Sikuwa na jibu. Nikamwonyesha kioo cha kamera, nikaifuta ile picha mbele ya macho yake, nikaomba radhi. Akatikisa kichwa, akalipa ndizi zake, akaenda.

Ndiyo sababu ya makala haya. Tangu siku ile nimesoma vitabu kadhaa vya picha, vya Wazungu na vinavyotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki, nikitafuta jibu la swali la yule mama. Nataka tuvipime pamoja, maana sasa kila mmoja wetu ana kamera ndani ya simu na swali hilo limekuwa letu sote.

SHERIA INASEMAJE

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo niliyokimbilia mimi. Ni kweli kwamba Uingereza haina sheria ya jumla inayokataza kumpiga picha mtu aliye barabarani. Lakini hapo hapo nilikosea: soko la Edmonton Green liko ndani ya eneo la maduka lenye mmiliki binafsi, na mwenye eneo ana haki ya kuweka masharti yake, picha zikiwamo. Kwa hiyo nilimhubiria yule mama sheria ambayo hata mwenyewe sikuijua vizuri.

Halafu hata barabarani sheria ina mipaka. Mwaka 2004 Mabwana wa Sheria walimpa ushindi Naomi Campbell dhidi ya gazeti la Mirror, lililochapisha picha yake akitoka kwenye mkutano wa watu wanaojitoa kwenye dawa za kulevya. Majaji walikuwa watatu kwa wawili. Picha ilipigwa mtaani, mchana kweupe. Jaji Hale alieleza kwamba kama angekuwa amepigwa anakwenda dukani kununua maziwa asingekuwa na la kulalamika. Tatizo ni kile ambacho picha ilikifichua: siri ya matibabu yake. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ikasema tena kwamba mtoto mdogo wa mwandishi J. K. Rowling, aliyepigwa picha akisukumwa kwenye kigari chake huko Edinburgh, anaweza kuwa na haki ya faragha hata akiwa njiani.

Lazima pia tuwatendee haki wapiga picha wa nchi hii. Kwa miaka mingi wao ndio walioonewa. Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000, kifungu cha 44, iliwapa polisi uwezo wa kumsimamisha na kumpekua mtu bila kuwa na sababu ya kumshuku, na wenye kamera walisimamishwa sana. Mmoja wa waliokwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kupinga kifungu hicho alikuwa mwandishi wa habari aliyezuiwa mwaka 2003 akienda kupiga picha maandamano ya kupinga maonyesho ya silaha hapa London. Mahakama ikampa haki Januari 2010, na mwezi huo huo wapiga picha wakakusanyika Trafalgar Square kudai kwamba wao si magaidi. Mtu aliyepigania haki yake hivyo haiachii kirahisi, na ninamwelewa.

Ila haki dhidi ya askari ni jambo moja, na adabu mbele ya mama anayehesabu sarafu ni jambo lingine. Askari ana nguvu kuliko mwenye kamera. Pale sokoni mwenye nguvu nilikuwa mimi.

Nyumbani nako mambo yamebadilika. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 kamishna wa data aliitoza klabu moja ya starehe jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Tanzania ilipitisha sheria yake ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022. Wale wanaosema kuomba ruhusa ni mambo ya kizamani ya bibi zetu wajue kwamba bibi zetu wameingia bungeni.

UZURI WA KUIBA

Sasa vitabu. Wapenzi wa picha za mitaani watakwambia kwamba ukimwomba mtu, picha imekufa. Atajiweka sawa, atatabasamu, atavuta nguo. Uso wa kweli unatoweka. Walker Evans, Mmarekani, aliificha kamera ndani ya koti na kupiga abiria wa treni za chini ya ardhi za New York kati ya mwaka 1938 na 1941. Hakuzitoa kama kitabu mpaka 1966. Nimeziangalia picha zile mara nyingi na sitasema ni mbaya. Ni nzuri. Watu wamechoka, wamezama katika mawazo yao. Na kule kungoja robo karne kabla ya kuchapisha kunanionyesha kwamba Evans mwenyewe alilijua deni lake.

Bruce Gilden hana muda wa kungoja. Huyu naye ni wa New York, mwanachama wa Magnum, na mtindo wake ni kumsogelea mpita njia karibu kabisa na kumlipua na flashi usoni. Alipoletwa London akatoa kitabu alichokiita A Complete Examination of Middlesex. Jina hilo linatugusa watu wa Edmonton, kwa kuwa mpaka mwaka 1965 sehemu yetu ilihesabiwa ndani ya Middlesex. Wanaomsifu wanasema anaonyesha ukweli wa mji. Mimi naona anaonyesha ukweli wa mtu aliyeshtuliwa. Ngozi yenye makunyanzi, mdomo wazi, jicho lililotoka: hata wewe msomaji mrembo ukilipuliwa hivyo saa moja asubuhi ukitoka zamu ya usiku utafanana nao. Kosa la picha hizi ni kwamba baada ya kurasa ishirini huoni tena watu, unaona mshtuko ule ule umevaa nyuso tofauti.

Philip-Lorca diCorcia ni mpole zaidi, lakini kisa chake ndicho kinachoniuma. Kati ya 1999 na 2001 alifunga taa juu Times Square na kupiga nyuso za wapita njia kwa mbali, bila wao kujua. Akachagua 17 kati ya maelfu. Mmoja alikuwa mzee Myahudi mshika dini, ambaye imani yake haimruhusu kutumiwa sura namna ile. Picha yake ikauzwa kwa maelfu ya dola. Mzee akashtaki, na mwaka 2006 mahakama ya New York ikatupa kesi: sanaa inalindwa na uhuru wa kujieleza. Huenda mahakama ilisema sawa kwa sheria yao. Lakini ona hesabu yake: msanii amepata fedha na jina, mnunuzi amepata picha, na mzee amepata gharama za wakili. Picha ile ni nzuri sana. Kila ninapoiangalia nakumbuka kwamba mwenye uso alisema hapana.

Kuna njia nyingine, na iko hapa hapa Uingereza. Charlie Phillips alipiga picha za Notting Hill, Vanley Burke za Handsworth kule Birmingham, miaka ya 1960 na 1970. Wote wawili walizaliwa Jamaika na waliishi katika mitaa waliyoipiga picha. Watu wao hawajajipanga kama askari wa gwaride, wako huru kabisa mbele ya kamera. Hivyo ile hoja kwamba ukweli hupatikana kwa kunyemelea tu imevunjika. Ukweli hupatikana pia kwa kukaa, kusalimiana, kujulikana. Ila njia hiyo inachukua miaka, na wengi wetu tunataka picha kabla basi halijafika.

SISI NA PICHA

Tugeukie kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Zanzibar, kama ile ya Gomes, zilitoa postikadi zilizosafiri dunia nzima. Wanawake wamevaa kanga, nywele zimesukwa, na chini yake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba huyu ni mrembo wa Kiswahili. Jina hakuna. Prita Meier, katika kitabu chake The Surface of Things kilichotoka mwaka 2024, ameziangalia picha za pwani yetu kwa makini kuliko yeyote niliyemsoma. Anatukumbusha kwamba picha zilikuwa pia vitu vya kushika, kupamba nyumba na kupeana, na kwamba si kila aliyekaa mbele ya kamera alikaa kwa hiari. Tukumbuke tarehe: utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Bibi wa nyumba kubwa hakuonekana kwenye postikadi. Aliyeonekana mara nyingi ni yule asiyekuwa na uwezo wa kukataa. Hicho ndicho kipimo cha kwanza nilichopata: usiulize tu nani kapigwa picha, uliza nani angeweza kusema hapana.

Kitabu cha pili ni Contesting Visibility cha Heike Behrend, Mjerumani, kilichotoka 2013. Nakisifu kwanza. Amekaa Mombasa na Lamu, amewasikiliza wapiga picha, na anawaandika kama mafundi wenye akili. Sura zake juu ya studio ya Bakor pale Lamu na wapiga picha wa kivuko cha Likoni ni tamu. Wale wa Likoni, wengi wao watu wa bara, walijenga vibanda vyenye mapazia ya kuchora: meli, ndege, miji ya mbali. Kibarua aliyeshuka kwenye feri alisimama mbele ya pazia, akapigwa picha, akaituma kijijini. Nyumbani wakaona amefika.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Ndugu zangu wa ughaibuni, nani kati yetu hajapiga picha ameegemea gari lisilo lake? Nani hakutuma Bongo picha ya Tower Bridge huku akibeba maboksi usiku kucha? Pazia letu la Likoni ni London yenyewe.

Lakini nina ugomvi na kitabu hiki. Behrend anaeleza kwa urefu jinsi wanawake Waislamu wa pwani walivyojitenga na kamera, hasa kuanzia miaka ya 1980, na anaipa dini nafasi kubwa katika maelezo yake. Hasemi ni dini peke yake. Anaonyesha pia jinsi wanawake hao wanavyotengeneza video za harusi zao na kuzilinda zisitoke nje ya mikono yao. Hata hivyo msomaji hufunga kitabu akiwa na kambi mbili kichwani: Mkristo wa bara anayependa picha, na Mwislamu wa pwani anayeikimbia. Mgawanyo huo haukai Edmonton. Mama wa Bukavu ni Mkristo, anaimba kwaya. Alikataa kwa ukali ule ule ambao angekataa bibi wa Lamu.

Nadhani kinachowaunganisha ni kitu tulichonacho katika lugha kabla ya kukitafuta kwa wataalamu: sitara. Tunaomba Mungu atusitiri. Tunamsifu mtu kwamba amemsitiri mwenzake. Sitara haina maana kwamba kuna uchafu unafichwa. Mtu anayekula, anayelia, anayehesabu senti zake za mwisho hana kosa, lakini hataki kutazamwa akiwa katika hali ile. Anayemkuta hivyo hugeuza uso. Mimi sikugeuza uso, nikageuza lenzi. Nilichokiona kama mwanga mzuri kwake kilikuwa ni upungufu wa fedha mbele ya muuza ndizi.

Na kuna sababu nyingine za hapa ughaibuni ambazo vitabu havizifikii. Yupo aliyemkimbia mume mwenye mkono mwepesi. Yupo mwenye kesi ya ukimbizi ambaye waliomtesa wanaweza kumtambua. Yupo ambaye nyumbani wanaamini anafanya kazi ofisini. Picha moja ya soko, yenye kibao cha duka nyuma yake, inatosha kumwambia mtu wa mbali ni mtaa gani akatafute. Huwezi kuyajua hayo kwa kumtazama usoni, na hupaswi kumlazimisha akueleze. "Hapana" yake inatosha.

ADABU YENYEWE

Wazee wetu walituachia kanuni moja ya nyumba: hodi. Unapiga hodi, unangoja, unapiga tena, na baada ya mara tatu bila jibu unaondoka. Hakuna anayesema hodi inaharibu mazungumzo ya kweli ya wenye nyumba. Naipendekeza kwa kamera.

Salimia kwanza, kwa salamu ya kweli, si ile ya mbio. Sema unataka nini na picha inakwenda wapi. Ukiona jambo la kupita ambalo huwezi kulingojea, na wapo watakaosema kwamba mengine hayangoji, basi piga, kisha mfuate mtu umwonyeshe. Akisema futa, futa akiona, usimhubirie. Mtoto haombwi yeye, anaombwa mzazi. Foleni ya ofisi ya ajira, mlango wa hospitali, mtu aliyelala benchi, mwenye kulia makaburini: hapo teremsha kamera. Mtu akikubali, mpelekee nakala yake. Umati wa maandamano au gwaride ni jambo jingine, pale watu wamekuja ili waonekane, ingawa hata hapo kuna mwenye kuficha uso, na kufichwa kwake ni jibu.

Najua bei ya kanuni hii. Tutapoteza picha nyingi nzuri. Sitadanganya kwamba kila picha iliyoombwa ni nzuri. Nyingi zangu ni za watu waliokakamaa kama wako mbele ya ofisa wa pasipoti. Ni hasara, na niko tayari kuilipa.

Tusiwasute Wazungu peke yao. Nenda kwenye misiba yetu hapa London uone simu zinavyoinuliwa juu ya jeneza. Nenda harusini: dada katupa mtandio adunde na wenzake, kabla wimbo haujaisha Dar na Mombasa wamekwisha mwona. Tunawarushia ndugu picha ya mgonjwa kitandani, mipira puani, na kuandika "mwombeeni". Mgonjwa yule alipigiwa hodi na nani?

Nimalizie na yule mama. Miezi mingi baadaye tulikutana ukumbini, kwenye mchango wa msiba wa Mkongo mmoja. Alinitambua kabla yangu. Akauliza kama bado nina ile kamera. Binti yake alikuwa anamaliza chuo, akataka picha.

Nilikwenda kwake siku aliyonipangia. Ilinibidi ningoje sebuleni karibu saa nzima. Alibadilisha kitenge mara mbili, akaondoa meza, akafunga pazia moja na kufungua lingine, akamkaza binti yake kola. Kisha akakaa kitini, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, akaniambia, "Sasa." Hakutabasamu hata kidogo. Wataalamu wa picha za mitaani wangesema imekakamaa.

Nilimpelekea nakala mbili zilizosafishwa vizuri. Moja ameitundika ukutani, nyingine ameituma Bukavu. Mimi sikubaki nayo, kwa kuwa hakusema nibaki nayo, na sikuuliza.